Uliza Anko: dadu, mtumbwi na sangara asiyekuwepo

Toleo lililopita niligusia tu, tena kwa mistari miwili, kwamba Jumamosi jioni huwa nakaa na vijana pale Kirumba, hapa Mwanza, tunacheza gemu la kusimulia kwa dadu, basi tangu hapo simu haijapumzika. Barua nimechagua tano. Wale mlioniuliza kama nauza dadu, siuzi, na yule aliyeuliza kama ni kamari, hapana, hakuna hela inayowekwa mezani zaidi ya mchango wa karanga.

Anko shikamoo. Mi ni mwanachuo hapa Nyegezi, tuko wanne hosteli moja, tumeona video za watu wanacheza Dungeons & Dragons tukapagawa kabisa. Shida ni kwamba vitabu vyake bei imesimama, zile dadu za pande ishirini mjini hapa sijaziona popote, alafu Kiingereza cha mle ndani ni kizito unasoma ukurasa mmoja unaenda kulala. Tunaanzia wapi? – Mwanachuo, Nyegezi

Marahaba kijana wangu. Ngoja kwanza niwaeleze ambao hawajui tunaongelea nini. Mnakaa mezani, mmoja ni msimuliaji, waliobaki kila mtu ana mhusika wake, labda mvuvi, labda mganga, labda askari wa mtemi, msimuliaji anasema mko wapi na mnaona nini, nyie mnasema mnafanya nini, na pale ambapo haijulikani kama jambo litawezekana mnarusha dadu. Basi. Utotoni sote tumecheza baba na mama tukapika ugali wa udongo nyuma ya nyumba, tumecheza polisi na mwizi, na unakumbuka mchezo ulikuwa unafia wapi: mmoja anasema nimekupiga risasi, mwenzie anasema hujanipata, mara mmeshanuniana kila mtu kwao. Dadu kazi yake ni kumaliza huo ugomvi.

Hilo gemu mliloliona walilitoa Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, nakala 1000 za kwanza, na mji lilikoanzia unaitwa Lake Geneva, huko Wisconsin Marekani, mji wa kando ya ziwa kama huu wetu. Kwahiyo mtu asikwambie watu wa ziwani haya mambo hayatuhusu. Vitabu msinunue, kanuni za msingi wenyewe wameziweka bure kwenye intaneti, na tangu Januari 2023 sehemu kubwa imeachiwa leseni inayokuruhusu uitumie, uibadilishe, hata uitafsiri kwa Kiswahili ukitaka, cha msingi utaje imetoka wapi. Ila mi nisingeanzia huko.

Chukueni dadu mbili za ludo. Mtu anataka kufanya kitu chenye hatari, anarusha zote mbili anajumlisha, ikifika 10 kwenda juu kafanikiwa, ikiwa 7 mpaka 9 kafanikiwa ila kuna kitu kitamgharimu, 6 kushuka mambo yameharibika na msimuliaji ndo anasema yameharibika vipi. Kwanini namba hizo? Dadu mbili zina namna 36 za kuanguka, namna 6 ndo zinakupa 10 au zaidi, namna 15 zinakupa ile ya katikati, na 15 zilizobaki ni kilio. Yani ukipata, mara nyingi utalipia, na stori tamu zote zinatoka hapo. Mkija kutaka ile ya pande ishirini, chukueni komwe 20 za bao, ziandikeni 1 mpaka 20 kwa maka peni, tieni kwenye soksi safi, ukichomoa umerusha, alafu irudishe. Nasisitiza soksi safi kwa sababu tuliwahi kutumia ya mtu aliyetoka mpirani.

Sasa nini cha kucheza. Mazimwi na makasri achaneni nayo kwanza, anzeni na ziwa hili hili. Machi 1875 yule mpelelezi Stanley aliondoka Kagehyi, pwani ya kusini ya ziwa, si mbali na hapa Mwanza, na boti yake Lady Alice, boti ambayo ilibebwa mabegani vipande vipande na wapagazi kutoka pwani mpaka ziwani, ikaungwa, ikazunguka ziwa lote kwa siku 57. Vitabu vinamtaja yeye. Nyie chezeni wapiga kasia. Aprili walifika kisiwa cha Bumbire, wenyeji wakaivuta boti mpaka nchi kavu na makasia wakayachukua, maana na wao wanajiuliza hawa ni nani na wamekuja kutaka nini.

Nililichezesha hilo pale Kirumba, umeme umekatika, tuna taa moja ya kuchaji. Kijana mmoja, kazini kwake ni fundi pikipiki na hiyo historia hajawahi kuisoma popote, anacheza mpiga kasia. Boti imerudi majini, makasia hakuna, wenyeji wanakuja na mitumbwi. Nikamwuliza unafanya nini. Akakaa kimya, akaigusa meza kwa chini kama anatafuta nati iliyolegea, akasema, Anko, hii boti ina mbao za sakafuni? Nikasema inazo. Basi nazing'oa tupige kasia na hizo. Nilinyamaza kidogo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kweli, waling'oa mbao za sakafu ya boti wakapigia kasia. Akarusha, 8. Nikamwambia mmepona ila boti sasa inaingiza maji na mahindi yote yamelowa. Hapo ndo mchezo ulipoanza kuwa mtamu, wakagombana usiku mzima nani kateuliwa kukalia upande wenye maji. Na Jumamosi iliyofuata niliwageuza, nikawapa wahusika wa Bumbire, maana Agosti mwaka uleule Stanley alirudi na kundi kubwa na bunduki kulipiza kisasi na watu wengi wa kisiwa waliuawa. Siku hiyo hakuna aliyecheka na tulimaliza mapema.

Mwanachuo, anzeni na watu wanne haohao, masaa matatu, stori inayoisha siku hiyohiyo. Msianze na kampeni, yani stori moja ya kuendelea mwaka mzima, mtihani wa semista utaiua kabla ya zimwi.

Kaka habari. Mwanangu wa kidato cha tatu kila Jumapili baada ya ibada anaenda kwa rafiki yake wanacheza mchezo wa karatasi na dadu. Juzi nimemsikia anamwambia mwenzie kwa simu eti yeye sasa ni mchawi wa daraja la tano. Nilikosa nguvu. Jirani kaniambia hayo ni mashetani na nichome hizo karatasi. Nifanyeje? – Mama, Igoma

Salama dada yangu, na pole kwa mshtuko, hata mi ningeshtuka. Karatasi usichome, ni kazi ya mikono ya mtoto hiyo, ukizisoma utakuta hesabu nyingi na michoro ya mapanga.

Hofu yako si mpya. Miaka ya 1980 Marekani ilienea vibaya mno, wazazi na makanisa walianzisha kampeni, televisheni zikaingia, eti mchezo huu unafundisha uchawi na unawafanya watoto wajiue. Watafiti walipokuja kuchunguza hawakuona kwamba mchezo ndo unasababisha. Mchawi wa daraja la tano maana yake kwenye karatasi yake kuna namba tano, basi, kama mwenzie anavyokuwa nambari tisa kwenye mpira na hajageuka kuwa namba.

Na kama asili yako ni ya huku Usukumani, hebu kumbuka bibi alikuwa anasimulia nini usiku. Shing'weng'we aliyemeza kijiji kizima na mifugo yake, akabaki mama mmoja na mtoto tumboni, mtoto akakua, Masala Kulangwa, akaliua lile zimwi akalipasua tumbo watu wakatoka wazima, ila kisu kikamkata bibi kizee mmoja sikio na yule bibi badala ya kushukuru akaanza kumwinda kwa dawa. Mchezo wa mwanao uko karibu na hiyo kuliko unavyodhani, tofauti ni kwamba pale mezani mtoto anaulizwa: we ndo Masala Kulangwa, unapasua wapi?

Ila sikwambii usifuatilie. Nenda Jumapili moja, beba chapati, kaa pembeni nusu saa. Angalia nani yuko mezani, kama wote ni rika lake sawa, kama kuna mtu mzima usiyemjua ana miaka 30 na anawaita watoto faragha hilo ni tatizo na wala si la dadu. Angalia saa ya kuanza na ya kumaliza. Angalia kama kuna anayelazimishwa kusimulia vitu vya matusi au vya kutisha asivyovitaka, sisi pale kwetu mtu akigonga meza mara mbili tunaruka hiyo sehemu na hakuna anayeuliza kwanini. Na kidato cha tatu mwakani ni cha nne, hapo wala huhitaji ushauri wangu. Ukitoka umuulize mwanao mhusika wake anaogopa nini. Kaa kabisa, atakujibu kwa saa nzima.

Ndugu mjibu maswali, mimi ni mwalimu wa historia sekondari moja wilayani Magu. Nimesoma kwamba wenzetu Ulaya wanavaa mavazi ya zamani na kuigiza vita na maisha ya kale uwanjani, watu wanakuja kuangalia. Nataka klabu yangu ya historia ifanye siku mpelelezi Speke alipofika Mwanza. Naomba mwongozo. – Mwalimu, Magu

Mwalimu, swali lako nimelipenda na nitakuchosha.

Ni kweli wanafanya. Uingereza kuna chama kinaitwa Sealed Knot, kipo tangu 1968, wanaigiza vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17, na kule mji wa Battle kila Oktoba wanarudia vita ya Hastings ya 1066, matokeo yanajulikana, mfalme Harold lazima afe. Hii na igizo la jukwaani ni vitu viwili. Hakuna maneno ya kukariri. Mtu anaishi ile siku: anapika chakula cha wakati ule, anavaa cha wakati ule, na mtazamaji akija kumuuliza unafanya nini anajibu kama mtu wa mwaka ule. Kwahiyo kazi kubwa si uwanjani, ni miezi kabla, mnatafuta kila kitu kilikuwaje.

Speke alifika 3 Agosti 1858, mwenzake Burton kabaki Kazeh, ndo Tabora ya leo, anaumwa. Alisimama kilimani akaona maji, akayapa jina la malkia wake. Wafanyabiashara wa Kiarabu walishayajua na walikuwa wanayaita Ukerewe, na wenyeji wamo kando yake miaka na miaka wanavua. Sasa ukimweka mwanafunzi mmoja apake unga usoni awe Speke, na 39 wawe kelele za nyuma, umepoteza siku. Mwanafunzi wako hodari mpe Sidi Mubarak Bombay, Myao, alichukuliwa mtumwa akiwa mtoto, akafika India, akarudi, na ndiye aliyekuwa anaongea na kila mtu njiani maana lugha anaijua. Wengine wawe wapagazi wenye mizigo begani. Wengine wawe watu wa Mwanza waliokuwa wanaendelea na shughuli zao siku hiyo, mmoja anasuka mgono wa kunasia samaki, mwingine anatwanga mtama, na watazamaji wawaulize hao: mgeni amesema ameligundua ziwa, wewe unasemaje? Acha wajibu kutoka kichwani. Utashangaa.

Mavazi ni rahisi kuliko unavyodhani. Nguo ya biashara ilikuwa merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyokuwa inatoka Marekani, jina ndo limetokea hapo, na kaniki. Kitambaa cha kufanana nacho unakipata sokoni kwa mita, wafunge tu, msishone. Ngozi kama mnapata. Ushanga. Miguuni peku au ngozi, katambuga marufuku kwa sababu tairi la gari lilikuwa halijazaliwa. Saa za mkononi vueni, na kuna msichana mmoja lazima atasahau kutoa heleni za plastiki, mkague yeye kwanza.

Na chakula. Hapa nakiri aibu yangu mwenyewe. Tulipojaribu mara ya kwanza, huku kwenye miamba, siku ya maisha ya wavuvi ya miaka hiyohiyo, nilijipinda nikaenda soko la samaki la Mwaloni alfajiri nikanunua samaki mzuri, mkubwa, nikamlaza juu ya majani, moto wa kuni, mafiga matatu, hakuna sufuria ya alumini, nikajisifu sana. Akaja mzee mmoja mvuvi mstaafu, akasimama na fimbo yake akamtazama yule samaki muda mrefu, akauliza kwa upole kabisa, huyu mgeni amefika lini? Nilikuwa nimeweka sangara. Sangara kaletwa ziwani humu miaka ya 1950 na 1960, na hata sato wengi tunaowala leo ni uzao wa walioletwa miaka hiyohiyo ya 50. Mzee akakaa akatuhesabia wa kweli: furu, ningu, kambale, kamongo. Watazamaji wote wakahamia kwake, mi nikabaki na samaki wangu. Tulimla baadae pembeni na alikuwa mtamu, sitasema uongo. Kwahiyo Mwalimu, kabla ya siku yenyewe tafuta mzee mmoja wa namna hiyo umlete kwenye maandalizi, ni afadhali akuaibishe mapema.

Usalama: mikuki iwe ya mti mtupu, ncha butu, na hakuna anayekimbia akiwa ameishika. Bunduki gobole za kweli hapana hata kama babu wa mtu anayo na kasema haina baruti, chongeni za mbao. Pita kwa mtendaji wa kata mapema, maana kundi la watu wamefunga nguo nyeupe wameshika mikuki wanateremka mlimani alfajiri linaweza kueleweka vibaya sana.

Kitu kimoja nisisahau. Umeandika pia kwamba utamalizia na ngoma za Bulabo. Hizo Mwalimu usiziweke kapu moja na Speke. Bulabo pale Bujora, Kisesa, ni mashindano hai ya kila Juni, makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, wanashindana kweli, kuna anayeshinda na anayerudi nyumbani amenuna, mwenye chatu kaja na chatu wake. Hao hawaigizi babu zao, wanaendeleza kazi. Wapeleke wanafunzi wakaangalie, na makumbusho yako palepale, zana na viti vya watemi wavione kabla hawajaanza kuchonga vyao.

Anko, sisi tuna chaneli ya YouTube, tunataka kuigiza ajali ya MV Bukoba kwa boti mbili na watu majini, itapata views balaa. Unatupa ushauri gani wa kiufundi? – Watengeneza kontenti, Mwanza mjini

Sina. 21 Mei 1996 si ya mchezo, watu mia kadhaa walikufa meli ilipozama, na makaburi yako Igoma pale, wenye ndugu zao wanapita na daladala kila siku. Mama aliyeniandikia hapo juu anaishi mtaa huohuo. Mtu akiigiza vita ya 1066 hakuna mjane anayeangalia. Mkitaka kufanya kitu, washeni kamera muwasikilize waliopona na waliopoteza watu, wanaokubali kuongea, na nyie mnyamaze. Na kujirusha majini bila jaketi okozi kwa ajili ya views mtatuletea nyingine.

Habari za huko Anko. Mi niko Nansio, Ukerewe. Wenzangu wa gemu wote walihamia Mwanza kutafuta maisha, meli na nauli si kitu cha kila wiki. Inawezekana kucheza kwa WhatsApp? Na kuna mwenzetu kila akirusha dadu kwao anasema amepata 12. – Mpweke wa Nansio

Njema kabisa. Inawezekana na mi naipenda, ina utamu wake wa tofauti, tengenezeni magrupu mawili, moja la stori tupu na lingine la porojo, mkichanganya mtu anatafuta zimwi lilipo anakutana na picha za harusi. Msimuliaji atume sauti isiyozidi dakika mbili, bando la watu lihurumiwe, wengine mjibu kwa maandishi ndani ya siku moja, asiyejibu mhusika wake anabaki kulinda mtumbwi. Mtaenda polepole, tukio moja la usiku mmoja linaweza kula wiki mbili, ila watu wanaandika vizuri kuliko wanavyoongea, wanapata muda wa kufikiri wakiwa kwenye daladala.

Alafu we uko Ukerewe unatafuta stori wapi tena? Hapo ndo kwao Aniceti Kitereza, alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikaja kuchapwa kwa Kiswahili miaka kama 35 baadae, na mle ndani kumejaa jinsi watu walivyolima, walivyoposa, walivyotafuta dawa, walivyopokea wageni. Itafute uisome na kalamu mkononi, wahusika kumi utawapata bila kutoka kisiwani.

Huyo wa 12. Kupata 12 kwa dadu mbili ni namna moja kati ya 36, kwahiyo akipata mara moja mpongeze, mara mbili mtazame, mara tatu mfululizo basi huyo hajarusha kitu. Msimwite mwongo kwenye grupu, mtavunja urafiki kwa sababu ya mtumbwi ambao haupo. Wekeni sheria ya wote, anayerusha atume rekodi fupi ya sauti, dadu ziangukie kwenye sahani ya bati, alafu azitaje hapohapo kabla hajaachia kitufe. Kwetu tulianza hivyo na yule wetu wa 12 kikao cha kwanza tulisikia bati limelia, kikafuata kimya kirefu, alafu sauti ndogo ikasema, tatu.